Daktari Akisafiri, Nani Mwenye Deni?

Ndugu msomaji, nataka leo tukae pamoja juu ya jambo ambalo nililijibu vibaya mara ya kwanza nilipoulizwa. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani kwamba anayeandika haya aliyajua siku zote.

Aliyeniuliza ni kijana niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa na miaka saba, hapa Ngarenaro, mjini Arusha. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na mama yake akipika vitumbua na kuviuza alfajiri. Kijana akasoma, akapasi, akaenda Dar es Salaam kusomea udaktari kwa mkopo wa serikali. Miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini chini ya wakubwa wake. Siku aliporejea mtaani wazazi wake walichinja mbuzi, na mimi ndiye niliyesoma dua. Tangu siku hiyo tukamwita "Daktari" sote, hata wazee waliomlea.

Miaka miwili na nusu baadaye Daktari wetu alikuwa akimsaidia mjomba wake katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, akipima misumari kwenye mizani. Hakuwa amefanya kosa lolote. Leseni yake anayo. Aliomba ajira kila nafasi zilipotangazwa, na kila majina yalipotoka lake halikuwamo. Siku tatu katika wiki alikuwa akienda kujitolea katika hospitali moja, akitibu watu kutwa nzima na kupewa nauli ya kurudia nyumbani. Ndipo ikamjia barua kutoka nchi moja ya Ghuba, mkataba wa miaka mitatu. Akanijia baada ya Isha, akakaa kwenye mkeka kama alivyokuwa akikaa utotoni, akasema, "Sheikh, nikienda nitakuwa nimewaibia watu?"

Nikamjibu, "Mwanangu, nchi imekusomesha. Baki uitumikie." Jawabu hilo lilikuwa jepesi mdomoni mwangu, kwa kuwa si mimi niliyekuwa nikipima misumari. Akainama, akasema, "Sawa, Sheikh." Akabaki mwaka mwingine mzima.

Jawabu lile sikulitunga mwenyewe. Watu wa umri wangu tulilelewa nalo. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge juu ya mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alipiga mfano ambao walimu wetu waliukariri mpaka ukatuingia damuni. Aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo akila, kisha asirudi, huyo ni msaliti. Ni mfano mzito, na una haki ndani yake. Yule kijana wangu hakusomeshwa na baba yake peke yake. Alisomeshwa pia na mkulima wa Tengeru ambaye hamjui, na na mama muuza ndizi anayelipa kodi kila anunuapo sabuni.

Tena watu wa mlima huu wa Meru hawakuhitaji kuambiwa mfano ule na mtu yeyote, kwa kuwa wao waliutenda kabla haujasemwa. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Shauri lile halikuwarudishia ardhi yao siku ile. Walakini Kirilo alirudi, na wakubwa wa dunia walikuwa wamekwisha kulisikia jina la Meru. Hicho ndicho kijiji, na huyo ndiye mtu aliyepewa chakula chake.

Lakini angalia jambo moja katika kisa hicho hicho, ndugu yangu. Wakili aliyeliandaa shauri lile pamoja na Wameru aliitwa Earle Seaton, na hakuwa Mmeru wala Mtanganyika. Alizaliwa kisiwa cha Bermuda, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, akaja kufanya kazi ya sheria Moshi. Hapana shaka Bermuda nayo ilikuwa na watu waliohitaji wakili. Je, Seaton aliwasaliti wa kwao alipokuja kututetea sisi? Sijapata kumsikia mtu wa Meru akisema hivyo. Mtaalamu akija kwetu twamwita mfadhili, na akitoka kwetu twamwita mtoro.

Basi nikaanza kuutazama tena ule mfano wa kijiji chenye njaa, nikaona kwamba mimi nimeushika nusu yake. Mfano wadhania kwamba yule mtu akirudi na mzigo kichwani, kijiji kitatoka kumpokea. Je, akirudi akaukuta mlango umefungwa? Akabisha mwaka wa kwanza, akabisha wa pili, na ndani watu wanalia njaa, wala hakuna anayefungua kwa sababu aliyeshika ufunguo asema fungu la kulipa wapagazi halijatoka. Hapo msaliti ni nani?

Nyerere mwenyewe, tumtendee haki, hakuwa mtu wa kudai upande mmoja tu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kuwataka waende Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao kwa muda wa utumishi huo. Aliwakasirikia sana, akawarudisha makwao kiasi cha wanafunzi mia nne. Hilo hukumbukwa na wengi. Linalosahauliwa ni kwamba siku ile ile aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa serikalini nayo ikapunguzwa. Aliyewaambia vijana wajinyime alianza kwa kutia mkono mfukoni mwake. Mimi nilipomwambia yule kijana abaki, sikutia mkono popote.

Tuseme sasa kidogo juu ya hali yenyewe. Nyerere alipenda kueleza kwamba Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12 na wahandisi wawili waliosomea kazi hizo. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza 1963, baada ya uhuru. Siku zile hapakuwa na daktari aliyekosa kazi, maana daktari alikuwa akisubiriwa mlangoni pa chuo. Leo vyuo vya kufundisha udaktari ni vingi, vya serikali, vya madhehebu na vya watu binafsi. Pamoja na hayo Shirika la Afya Ulimwenguni limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo mataifa mengine yanaaswa yasiende kuwachukua watu wake ovyo. Hivyo tuna madaktari wachache kupita kiasi, na wakati huo huo tuna madaktari wasio na kazi. Mtu aweza kucheka, lakini ndivyo ilivyo, na sababu yake haikufichika. Wagonjwa hata wakijaa ukumbi mzima, wingi wao hauzai ajira. Ajira ni mshahara uliotengwa katika bajeti. Hospitali yaweza kuwa na foleni mpaka barabarani na isiwe na nafasi hata moja ya kuajiri.

Jambo hili lilionekana wazi kwa kila mwenye macho mwaka 1917 wa Kenya? La, kalamu imeteleza. Nataka kusema mwaka 2017, miaka michache tu nyuma. Madaktari wa serikali nchini Kenya walikuwa wamegoma tangu Desemba 2016, wakidai yatekelezwe makubaliano ya mishahara na hali za kazi yaliyofikiwa 2013. Mgomo ukaenda siku mia moja. Ulipokwisha, mwezi wa Machi, wajumbe wa Kenya walikuja Dar es Salaam kuomba madaktari, na Rais Magufuli akakubali kuwapa 500. Vijana wetu waliokuwa wakikaa bure wakaandika maombi mbio mbio. Kule Kenya madaktari wakaenda mahakamani: mwaletaje wageni hali wenzetu wapo mitaani bila ajira? Mahakama ikazuia. Ndipo mwezi wa Aprili Rais akatangaza kwamba wale 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe na serikali ya Tanzania mara moja.

Wengi tulishangilia, na mimi nikiwamo. Lakini usiku nikajiuliza: ikiwa kazi 258 zaweza kupatikana katika mwezi mmoja, mwezi uliotangulia zilikuwa wapi? Wagonjwa wa Aprili walikuwa ni wale wale wa Februari. Na watu hao hawakuajiriwa walipoomba kutumikia kwao. Waliajiriwa walipoomba kuondoka. Sina nia ya kumlaumu marehemu, maana yeye alitenda, na wengine walikuwa wakisema tu. Naonyesha tu kwamba nafasi zile ziliweza kupatikana, na kwamba aliyezitafuta hakuzitafuta mpaka aliposikia wengine wanazitaka.

Wala usiwadharau wale madaktari wa Kenya waliokwenda mahakamani. Nchi zetu zilitia saini Novemba 2009 Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, nayo ikaanza kutumika Julai 2010, kwamba wafanyakazi wawe huru kuvuka mipaka. Ni jambo jema na twaliombea. Lakini mtu aliyekaa nyumbani na cheti chake ukutani hataona kheri katika uhuru wa mgeni kuja kukaa kiti alichonyimwa yeye. Kwanza mlipe aliye ndani, kisha mfungue mlango. Sote twayajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na wale walikuwa wamekaushwa jasho kwa zaidi ya miaka mitatu.

Sasa turudi kwenye dini, maana wasomaji wangu watasema Sheikh leo amegeuka mwandishi wa habari. Katika vyuo vyetu husomeshwa kwamba kuna fardhi ya kila mtu, kama Sala na Saumu, na kuna fardhi kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi imewashukia wengine, na ikiachwa kabisa wote wana dhambi. Aghlabu twatoa mfano wa kumsalia maiti. Imam Ghazali, Mungu amrehemu, katika kitabu chake cha Ihyaa aliutaja utabibu kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana katika mabishano ya fikihi, hali miji mingine haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Maneno hayo niliyasoma nikiwa kijana, nikayatumia kuwahimiza watoto wasome sayansi. Sikuyafikiri mpaka mwisho. Ikiwa utabibu ni fardhi ya mji mzima, basi mzigo huo haumwangukii tabibu peke yake. Unamwangukia na mwenye duka, na mwenye shamba, na imamu. Maiti yule tunayempigia mfano hasaliwi na imamu peke yake; yuko aliyenunua sanda, yuko aliyechimba kaburi, yuko aliyebeba jeneza. Kumwambia daktari "baki" na wewe usichange chochote ni sawa na kumwambia imamu asalie jeneza ambalo hakuna aliyekubali kulibeba.

Waliotutangulia walilijua hilo. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo, mwaka 1284 Miladi, hakuishia kujenga kuta. Aliweka wakfu ili mapato yake yalipe matabibu, dawa, chakula cha wagonjwa na hata nguo zao. Na pwani yetu hii, kutoka Lamu mpaka Kilwa, nani asiyejua shamba la minazi la wakfu au nyumba ya wakfu? Aghlabu tuliziwekea misikiti na vyuo, na ni vyema. Lakini msikiti una taa, una zulia, una feni nane, na mtaa uliouzunguka hauna wa kumtazama mtoto mwenye homa saa nne ya usiku.

Huenda msomaji wa Tanga au Mombasa akaniuliza, basi Sheikh wasema kusafiri ni kubaya? Hata kidogo. Sisi watu wa pwani tukikataza wenye elimu wasihame tutakuwa tumeikata nasaba yetu wenyewe. Habib Saleh aliyeasisi msikiti wa Riyadha Lamu alitoka Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumait aliyekuwa kadhi wa Unguja alizaliwa Ngazija pia. Na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikuwa kadhi Delhi, kisha visiwa vya Maldives, na huko Maldives walimng'ang'ania asiondoke kwa kuwa walikuwa na shida ya kadhi. Waona kuwa jambo la kumvutana mtaalamu halikuanza na ndege.

Na twajua pia maumivu ya upande unaoachwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, walimu, madaktari na makarani wengi wa Zanzibar waliondoka, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzifukua hapa. Mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika utawala Oman, nchi ile ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Akawaita wenye asili ya Oman waliokuwa nje warudi kujenga, na waliosomea Zanzibar wakaingia katika wizara, mashule na mahospitali, hata Kiswahili kikasikika maofisini Muscat. Oman ilipata walimu waliosomeshwa na Unguja. Mtoto wa Unguja aliyekaa darasani bila mwalimu katika miaka ile hakuandikiwa risiti. Aliyekwenda alikuwa na haki yake, na mtoto alikuwa na haki yake. Hapa ndipo ugumu ulipo, na asikudanganye mtu kwamba haki mbili haziwezi kugongana.

Mimi mwenyewe nisikwepe. Nimezaliwa kijiji kimoja cha pwani upande wa Pangani. Mwalimu wangu, mzee aliyenisomesha tangu alifu mpaka Minhaji, alinitayarisha nikae mahali pake. Nikaja Arusha kijana, kwa mwaka mmoja tu, kwa kuwa hapa walikuwa wakitafuta mwalimu wa madrasa na walilipa. Mwaka wa tatu akaniandikia barua. Hakunilaumu. Aliniuliza tu nani sasa awasomeshe watoto, maana macho yake hayaoni tena herufi. Nikamjibu kwamba nitakuja baada ya Ramadhani. Sikwenda. Alipofariki, darsa yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Barua hiyo ninayo mpaka leo, ndani ya msahafu wangu wa zamani. Na bado nilithubutu kumwambia mtoto wa mwenzangu, "Baki"!

Arusha nao ni mji wa ajabu kwa jambo hili. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza yalikuwa hapa, na ilipovunjika 1977 wazee husimulia jinsi wataalamu wa Kenya na Uganda walivyofunga mizigo. Ikaja Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Jumuiya imefufuka, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007. Hivyo tumeishi na wanasheria na wafasiri wa kila nchi. Tuliwapangishia nyumba, tukawauzia mboga, watoto wetu wakawaendeshea magari. Sikusikia hata mmoja wetu akiwauliza, je, kwenu hakuna kesi? Twapenda uhamaji unaotuletea wapangaji.

Nimekuambia kwamba yule kijana alibaki mwaka mmoja kwa neno langu. Katika mwaka huo alikuwa na mdogo wake wa kike anayesomea uuguzi. Baba alikuwa hawezi tena kuinama chini ya gari, na ada ilitegemea kaka. Kaka alikuwa na nauli. Muhula wa pili binti akarudi nyumbani na sanduku lake. Mama yake hakuja kunishitaki. Alikuja kuniomba nimwombee binti apate kazi ya dukani. Hapo ndipo niliposhikwa na haya mpaka nikakosa pa kuangalia. Neno langu lilikuwa limembakisha daktari asiyelipwa, na likaipotezea nchi muuguzi.

Alipopata barua ya pili nilimwita mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Nenda, wala usiende kama mwizi." Nikamkumbusha kisa cha Nabii Musa (A.S.) alivyofika Madyan hana kitu, akaajiriwa kwa sifa zake mbili, nguvu na uaminifu, wakaafikiana miaka minane, na ikiwa atatimiza kumi ni hiari yake. Ule ulikuwa mkataba, una muda wake na una ujira wake. Alipoumaliza aliondoka na ahli yake, na kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa bado inamngoja mbele. Nikamtaka asome mkataba wake neno kwa neno kabla ya kutia saini, na pasi yake ya kusafiria asiiachie mkononi mwa mtu.

Kisha nikamwambia habari ya deni, na hapa sikulegeza. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni kama deni la dukani. Aliyeajiriwa hapa nchini hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, apende asipende. Aliye Ghuba hakuna anayemkata ila roho yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungika na deni lake mpaka lilipwe, na hakusema isipokuwa aliyevuka bahari. Akaniahidi atalipa kila mwezi, na nimeona risiti.

Lakini sisemi kwamba kila anayeondoka hali yake ni moja. Daktari bingwa aliye na nafasi, na mshahara hata kama si mnono, na ambaye akiondoka mkoa mzima hauna mwingine wa kufanya upasuaji ule, huyo akiniuliza nitamwambia afikiri mara saba. Simharamishii. Namwambia tu kwamba asijilinganishe na aliyekuwa akipima misumari. Na wale wanaokuja kuwachukua, nchi tajiri zenye vyuo vyake na fedha zake, nao wana la kujibu. Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana juu ya mwongozo wa namna ya kuajiri watumishi wa afya wa nje. Wenye kuvuna shamba la jirani angalau wachangie mbegu. Wangegharimia madarasa ya kusomesha wengine, maneno yangekuwa mengine.

Wengi hujibu kwamba aliye nje huleta fedha. Kweli, na fedha ya kijana wetu imemrudisha mdogo wake chuoni, alhamdulillahi. Lakini fedha ya namna hiyo ina anwani. Yaenda kwa mama. Miezi miwili baada ya kuondoka kwake nilimpeleka jirani yangu mwenye sukari katika ile hospitali aliyokuwa akijitolea. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Bibi mmoja aliyetoka Ngaramtoni alikuwa kando yetu, akamwuliza kila aliyepita na koti jeupe: "Yule kijana mpole yuko wapi siku hizi?" Nilikuwa najua alipo, nikanyamaza.

Kwa hiyo nimepeleka neno katika kamati ya msikiti wetu. Tunayo maduka mawili ya wakfu, kodi yake huenda kwenye umeme na maji, na inayobaki tulikuwa tunaiweka kwa ajili ya mnara. Nimependekeza mnara ungoje, na fedha hiyo imlipe daktari mmoja kijana asiye na ajira, mwenye leseni, akae jioni mbili kwa wiki katika chumba kilicho nyuma ya madrasa, tukisajili kama sheria inavyotaka. Mweka hazina, mtu mwema sana, aliniuliza, "Sheikh, msikiti ni wa kusalia au wa kutibia?" Wengine wamesema hii ni kazi ya serikali. Ni kazi ya serikali, hilo silikatai, na nitaendelea kusema juu ya mimbari kwamba serikali ifungue nafasi. Lakini bibi wa Ngaramtoni hakai kwenye benchi la mimbari.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa msiba, cha pili kwa mvua. Cha tatu kimewekwa Jumamosi hii baada ya Alasiri. Juzi kijana amenipigia simu kutoka huko aliko, mama yake alikuwa amemweleza. Akauliza kodi ya maduka yale ni kiasi gani kwa mwezi. Nikamtajia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sheikh, hiyo haitoshi jioni mbili. Andikeni moja, ya pili nitailipa mimi." Nimeliandika katika daftari la kikao, chini ya mengineyo.